Wazee wa sinema njooni: huu mkanda wa "Chale" ni filamu gani, na ilitengenezwa wapi?

#1 Mjukuu_Korogwe
Wakuu habari.

Babu yangu alifariki mwaka juzi. Enzi za mkoloni alikuwa utingo wa gari la sinema, yale magari yaliyozunguka kwenye makambi ya mkonge yakitandika shuka jeupe jioni. Wiki iliyopita tulikuwa tunasafisha chumba chake, tukakuta kopo la bati juu ya kabati, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mna mkanda wa filamu. Kwenye kifuniko kuna mwandiko wake wa rangi nyeupe: CHALE MKATE 2.

Projekta hatuna. Nimeuvuta kwa mkono mbele ya balbu, nikawa napiga picha kwa simu kipande kwa kipande. Kazi ya siku mbili. Nilichoona: jamaa mwembamba, sharubu dogo kama mswaki, kofia ngumu ya mviringo, suruali kama gunia. Bosi wake ni bonge. Wako ndani ya duka, wanarushiana mifuko ya unga mpaka wote wanakuwa weupe. Kijibwa chenye manyoya kama ufagio kinaiba kitu na kukimbia nacho. Polisi wanakuja mbio na wote wanaangukia sehemu moja. Nje, barabarani, kuna miti ya jamii ya mnazi. Hakuna maandishi ya kati (yale maneno yanayokatiza picha kwenye filamu bubu) hata moja wala jina mwanzoni; mkanda unaanza katikati ya kofi.

Je, huyu ni Charlie Chaplin kweli? Na hii kitu ilitengenezwa wapi? Naomba kuwasilisha.

#2 Kiti_Cha_Mbele
Nimekaa pale. Ngoja wazee waje.

#3 Kibanda_Cha_Chips
Bila picha hii ni chai. Tena ya maziwa.

#4 MlaUrojo
Rahisi hii. Sharubu la mswaki, duka la mikate, bonge, unga: ni Dough and Dynamite, Chaplin, mwaka 1914, kampuni ya Keystone ya Mack Sennett kule Los Angeles. Waokaji wanagoma, kisha wanaficha baruti ndani ya mkate. Mwaka ule mmoja tu Chaplin alicheza filamu zaidi ya 30 pale Keystone, na baadaye ziliuzwa upya kwa majina ya kila aina. Hiyohiyo iliwahi kuitwa The Doughnut Designer. Moderata funga uzi.

#5 Mjukuu_Korogwe
Ahsante mkuu, ila hakuna baruti. Hakuna kinacholipuka. Halafu huyu jamaa akitembea nyayo hazitazami nje kama za Chaplin, anatembea kama mtu aliyekanyaga miiba.

#6 Bin_Mvita
Hebu usifungwe huu uzi. MlaUrojo una haraka kama mtu aliyeacha samaki jikoni.

Ndugu zangu, kuanzia 1915 kila mtaa wa sinema ulikuwa na Chaplin wake wa bandia. Aliyeiga vizuri kuliko wote ni Billy West, mzaliwa wa himaya ya Urusi, kampuni yake King Bee, 1917 na 1918. Na bonge wake alikuwa nani? Oliver Hardy, kabla hajakutana na mwenzake wa vichekesho, Stan Laurel! Mwembamba mwenye sharubu na bonge bosi, basi hapo pana King Bee. Yuko pia Billie Ritchie, Mskoti, wa kampuni ya L-KO. Huyo alidai kabisa kuwa yale mavazi yalikuwa yake kabla ya Chaplin. Mwingine, Charles Amador, alijiita Charlie Aplin. Chaplin akampeleka mahakamani na kumshinda, hukumu 1925, rufaa 1928.

Kwa hiyo kofia na sharubu si ushahidi. Ni sare ya kazi.

#7 Fundi_Projekta
Ya sharubu yaacheni kwanza. Mkanda una kitambulisho chake. Mleta mada nijibu haya:
Upana wake milimita ngapi? Matundu yako upande mmoja au pande zote mbili? Unanuka nini? Na ukingoni, nje ya matundu, kuna maandishi au vialama gani, na ni vyeusi au vinapitisha mwanga?

#8 Mjukuu_Korogwe
Fundi, nimepima kwa rula ya mtoto wa dada: milimita 16. Matundu pande zote mbili. Harufu ni ya siki, kama kachumbari ya siku tatu. Nikifungua kopo macho yanawasha. Ukingoni kuna KODAK na SAFETY, halafu pembetatu na mraba, vyeusi. Kuna mahali mkanda umeungwa kwa gundi, na baada ya hapo vialama vinabadilika kuwa duara na pembetatu.

Picha nimeziweka hapo chini. Na mimi ni dada, ila "mkuu" naipokea.

#9 Kibanda_Cha_Chips
Chai imemwagika. Samahani dada.

#10 Fundi_Projekta
Sasa tunaongea.

Filamu ya milimita 16 Kodak waliitoa 1923 kwa ajili ya majumbani. Ilikuwa ya asetati, hailipuki moto kama ile ya naitreti ya majumba ya sinema, ndiyo maana imeandikwa SAFETY. Matundu pande zote mbili maana yake hakuna njia ya sauti, kwa sababu yenye sauti upande mmoja huachiwa sauti. Vialama ni mwaka wa kiwanda. Kodak walianza 1916 na mzunguko unarudi kila baada ya miaka 20. Pembetatu na mraba ni 1927 au 1947. Duara na pembetatu ni 1923 au 1943. Vikiwa vyeusi ni vya mkanda huuhuu. Vingepitisha mwanga vingekuwa vimerithiwa kutoka kwa mkanda mama.

Kwa hiyo kopo lina vipande viwili vya miaka tofauti. Mimi nimeendesha projekta miaka mingi, tulikuwa tunaunga. Mkanda ukikatika unakata palipoharibika, unakwangua, unapaka gundi, unaendelea. Na kama kipande kimepotea unachukua kinachofanana. Niliwahi kuunga harusi na mpira wa miguu na watu wakapiga makofi.

Angalizo: huo ni umri wa mkanda, si wa filamu. Kitabu kinaweza kuchapwa leo na hadithi ikawa ya babu wa babu.

Na hiyo siki ni asetati inaoza. Acha kifuniko wazi mahali pa baridi na pakavu. Usiuweke kwenye mfuko wa plastiki, na usiuanike juani kama dagaa.

#11 Mwalimu_Mstaafu
Nina neno juu ya kopo lenyewe. Wote mmesoma CHALE mkaona Chaplin. Fungueni kamusi: chale ni mchekeshaji, damisi, mtu wa kufanya vituko. Utotoni mwangu kila filamu ya kuangukaangushana iliitwa "ya chale", awe mwembamba au bonge, Mmarekani au Mfaransa. Marehemu huenda aliandika tu "kichekesho cha mkate, sehemu ya pili". Na mimi naamini neno lenyewe tulilipata kwake huyohuyo Chaplin kupitia sinema.

#12 MlaUrojo
Mwalimu shikamoo, lakini hapo napinga. Chale ni zile za kuchanja ngozi. Kwetu Unguja mchekeshaji ni damisi, na sinema tulianza kuziona kabla yenu. Jumba la sinema la Royal lilifunguliwa 1921.

#13 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Maneno mawili yanaweza kuvaa kanzu moja. "Kaa" ni wa baharini na ni la moto, na hakuna aliyewahi kuungua kwa kumla wa baharini.

#14 Baba_Furaha
Bakubwa jambo. Miye niko mutu ya Bukavu lakini baba yangu alitumika Kananga, ile wakati ilikuwa inaitwa Luluabourg. Kule padri mumoja Mubelgiji, Albert Van Haelst, alikuwa anatengeneza filme za kuchekesha miaka ya 1950. Bachezaji ni babili: Matamata, ule munene, na Pilipili, ule mwembamba. Baba akisema tu "Matamata" anaanza kucheka peke yake. Munene na mwembamba, wanapigana, wanaanguka. Dada angalia vizuri, labda ni benyewe, filme ilivuka ziwa ikafika kwenu.

#15 Mjukuu_Korogwe
Kaka ahsante, nimecheka. Lakini hawa wangu ni wazungu, hata kabla ya kupakwa unga.

#16 Baba_Furaha
Basi si benyewe. Lakini mutafute Matamata, mutanishukuru.

#17 Mtoto_wa_Soni
Mbona mnazunguka dunia nzima na jibu liko Tanga? Vugiri, kule juu karibu na kwetu, kulikuwa na studio ya sinema ya Waingereza. Babu wa Korogwe, filamu ya Vugiri. Kilomita chache tu.

#18 Fundi_Projekta
Mtoto wa Soni uko nusu sahihi. Vugiri kulikuwa na mradi wa Major Notcutt, 1935 hadi 1937, filamu kama 35 za milimita 16. Kilichonifurahisha kwenye hoja yako ni kwamba filamu zile mkanda wenyewe ulikuwa bubu, sauti ilikuwa kwenye santuri inayopigwa pembeni. Kwa hiyo matundu pande mbili na kukosekana kwa maandishi ya kati vingeeleweka: santuri zimepotea. Tatizo ni waigizaji. Waliocheza Vugiri walikuwa wenyeji, na mada zilikuwa safura, chai, kuweka akiba posta. Sijui polisi wa Kizungu wa kuanguka mafungu wangetoka wapi kule mlimani.

#19 Kibanda_Cha_Chips
Si kuna ile aliyocheza mzee Kawawa? Simba wa Vita kwenye komedi!

#20 Mwalimu_Mstaafu
Muhogo Mchungu. Hiyo ni ya miaka ya 1950 na inazungumza Kiswahili. Haihusiki hapa, ila umenikumbusha mbali.

#21 Binti_Pangani
Naomba kuuliza, hivi nyie wanaume mmeiangalia ile picha ya tatu au mnabishana tu? Mleta mada kasema "jamii ya mnazi". Huo si mnazi. Mnazi jani lake ni kama chanuo, shina linapinda. Huo shina limenyooka kama nguzo ya umeme na jani ni la kipepeo cha kupepea moto, limekunjuka kama la mvumo. Pembeni yake kuna mwingine mfupi, mnene, jani la chanuo: huo ni mtende. Tafuteni mji wenye mivumo na mitende barabarani.

#22 Bin_Mvita
Dada wa Pangani umetupiga chenga wote. Los Angeles hiyo! Mitaa yao imejaa hiyo ya kipepeo.

#23 MlaUrojo
Au Jacksonville, Florida. Watu wamesahau kuwa kabla ya Hollywood kushika kasi makampuni yalikimbilia Jacksonville kukwepa baridi. Kampuni ya Vim ilikuwa pale, na Oliver Hardy alianzia kuigiza palepale mwaka 1914. King Bee ya Billy West nayo ilipitia Jacksonville. Kwa hiyo mivumo haimuondoi bonge wa Bin_Mvita, inamhamisha tu pwani.

#24 Bin_Mvita
Asubuhi ulisema ni Keystone na uzi ufungwe 😂

#25 MlaUrojo
Urojo hukorogwa.

#26 Msambaa_Torino
Salaam kutoka Torino, Italia. Mnaniudhi kidogo kwa kudhani vichekesho vilianzia Marekani. Wakati Keystone inaanzishwa 1912, Wafaransa na Waitaliano walikuwa wamechoka kupigana na unga. Pathé, kampuni ya Kifaransa, walikuwa na tawi la vichekesho kule Nice, kusini mwa Ufaransa, na Nice mitende imejaa ufukweni. Hapa Torino, kampuni ya Itala ilimchukua Mfaransa André Deed mwaka 1909, akawa Cretinetti. Na hapo ndipo utambuzi unakuwa balaa: mtu huyohuyo Ufaransa aliitwa Boireau kisha Gribouille, Uingereza Foolshead, Amerika ya Kusini Toribio. Kila nchi ilikata maandishi yake na kuweka ya kwao. Marcel Perez naye hapa alikuwa Robinet, kisha akaenda Marekani akawa Tweedledum, kulekule Jacksonville. Sasa mtu kama huyo utasema filamu yake "asili" yake wapi?

Kuna mwanamke wa vichekesho wa Pathé, Léontine, 1910 na kuendelea. Filamu zake zipo, zimetengenezwa upya, zinaoneshwa kwenye matamasha, na mpaka leo jina la aliyeziigiza halijulikani. Anavunja nyumba nzima mbele ya macho yako na hujui umwite nani.

Dada, kagua kuta za ndani ya duka. Pathé walikuwa wanabandika jogoo wao kwenye mandhari, kampuni ya Marekani ya Biograph wanabandika AB, ili mwizi akinakili filamu alama ibaki. Ukiona jogoo ukutani, si pambo.

#27 Mjukuu_Korogwe
Nimekagua. Kuna kitu cha mviringo juu ya rafu. Inaweza kuwa jogoo, inaweza kuwa sahani, na kwenye picha inayofuata unga umekifunika.

Lakini kuna gari limesimama nje. Usukani uko kulia kama magari yetu. Hiyo si Uingereza?

#28 Bin_Mvita
Si lazima. Magari mengi ya Ufaransa na Italia ya wakati ule yalikuwa na usukani kulia ingawa wanaendesha kulia. Ford ndiye aliyeuweka kushoto kwenye Model T, 1908. Tupe namba ya gari. California walikuwa wanabandika kibati kidogo kila mwaka: 1916 dubu, 1917 ua, 1918 kengele, 1919 nyota. Tukiona dubu tumemaliza.

#29 Mjukuu_Korogwe
Namba ni kama 58-na-kitu, lakini 5 imeandikwa vibaya, tumbo linatazama upande mwingine.

#30 Fundi_Projekta
Subiri. Dada, angalia neno KODAK ukingoni. K zinatazama wapi?

#31 Mjukuu_Korogwe
Zinatazama nyuma. Nilidhani ndio mwandiko wa zamani 🙈

#32 Fundi_Projekta
Haya, tumekula mwezi tukidhani ni mkate. Mkanda wenye matundu pande zote mbili unaingia kokote unavyoushika, hata kinyumenyume kulia kwa kushoto. Umetuonesha dunia ya kwenye kioo. Ugeuze upige tena.

Na miaka yangu futeni. Ukigeuza, "pembetatu na mraba" inakuwa mraba na pembetatu: 1925 au 1945. "Duara na pembetatu" inakuwa pembetatu na duara: 1926 au 1946. Vipande vilivyokuwa mbali kwa miaka minne sasa vimepishana mwaka mmoja. Inawezekana kabisa ni filamu moja iliyonakiliwa kwa mikanda miwili iliyokuwepo stoo.

#33 Mtoto_wa_Soni
Kama ni 1925 au 1926 basi Vugiri imekufa. Naondoka na heshima yangu.

#34 Mjukuu_Korogwe
Nimegeuza. Usukani sasa uko kushoto. Na kuna jambo: juu ya mlango wa duka kuna kibao ambacho kabla nilidhani ni nakshi. Ni herufi. Mwanzo umekatwa na fremu, kinachosomeka ni ...ER halafu kijiti. Mwisho wa kibao umefunikwa na kichwa cha bonge.

#35 MlaUrojo
BAKERY. Marekani. Nilisema.

#36 Msambaa_Torino
BOULANGERIE. Au PANETTERIA. Zote zina ER halafu I. Kijiti ni I mkuu, Y ina matawi.

#37 Binti_Pangani
Matawi yanaweza kuwa nyuma ya nywele za bonge. Nimekuza picha, kijiti kinaanzia katikati. Sijui I gani inaanzia katikati.

#38 Bin_Mvita
Na usukani kushoto ni Marekani baada ya 1908. Mtaliano kaa chini.

#39 Msambaa_Torino
Ford ziliuzwa hadi Ulaya, kaka. Sikai.

#40 Kibanda_Cha_Chips
Swali la mtu wa biashara: huu mkanda una bei?

#41 Fundi_Projekta
Thamani yake haiko kwenye bei. Mwaka 2010 mtu mmoja alinunua rili ya milimita 16 kwenye mnada wa vitu vya kale jimboni Michigan, akidhani ni Keystone ya kawaida. Alipoiangalia vizuri, polisi mmoja aliyepita kwa dakika chache alikuwa Chaplin mwenyewe! Ilikuwa A Thief Catcher ya 1914, iliyohesabiwa kuwa imepotea. Na kule Culpeper, Virginia, Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza mwaka 2012 mkutano ambapo wataalamu walikuwa wakikaa gizani, wakioneshwa filamu zisizo na jina, na wakipiga kelele kama sisi hapa: "lile gari!", "ile kofia!", "namba ile ya California!" Dada, ukipata mtu wa kuinakili kidijitali, wapelekee wao au Torino. Usiipitishe kwenye projekta, imesinyaa, meno yataitafuna.

Kuhusu maandishi ya kati: enzi za gari la sinema alikuwepo mtu wa kipaza sauti anayeeleza kwa Kiswahili. Maandishi ya Kiingereza yangemfaa nani kambini? Huenda waliyakata wenyewe.

#42 Mwalimu_Mstaafu
Au hayakuwepo kwenye nakala tangu ilipotoka dukani. Nakala za majumbani zilifupishwa sana.

#43 Mjukuu_Korogwe
Wakuu, naomba msinipige.

Leo nimempelekea bibi zile picha. Ana miaka zaidi ya tisini lakini kumbukumbu anayo. Kacheka sana polisi walipoanguka. Nikamuuliza, huyu ndiye Chale? Akasema hapana, Chale alikuwa dereva wa gari la sinema. Jina lake Charles, watu walimwita Chale. Na bibi enzi hizo alikuwa anauza chai na mikate pale kambini.

Nikamuuliza, sasa hii "CHALE MKATE 2" ni jina la filamu? Kaangalia kopo muda mrefu. Kasema babu alikuwa anaandika madeni popote penye nafasi.

#44 Fundi_Projekta
Kwa hiyo lile duka linaweza lisiwe la mikate.

#45 Binti_Pangani
Na ule unga unaweza kuwa chokaa. Rudini kwenye picha ya kwanza, kuna ngazi na ndoo nyuma ya bonge. Mwokaji gani anapanda ngazi?

#46 Msambaa_Torino
...ERI bado iko palepale. Nilikuwa nimesema BOULANGERIE kwa sababu yenu. Sasa naweza kutaja maduka mengine kumi.

#47 MlaUrojo
GROCERY. Bado Marekani.

#48 Bin_Mvita
Larry Semon! Mchekeshaji wa kampuni ya Vitagraph! Huyo alikuwa anamwaga unga, chokaa na rangi kwa mapipa, na Oliver Hardy alikuwa bonge wake pia! Ila Semon hana sharubu. Dada, hebu niangalizie lile sharubu, ni nywele au ni doa la mkanda?

#49 Mjukuu_Korogwe
Naenda kuangalia. Umeme umekatika, nasubiri balbu.

#50 Kibanda_Cha_Chips
Bibi aulizwe: yule dereva alilipa ile mikate miwili?